Makochi ya Kuazima

Kwaru, kwaru, kwaru. Jogoo aliyefungwa mguu kwenye nguzo ya jikoni alikuwa akiparua sakafu, na Mokeira akaamka kabla ya mwanga. Hakuinuka mara moja. Alimsikiliza jogoo, akasikiliza pia pumzi za mjukuu wake Ashley, aliyekuwa amejikunja ubavuni mwake kama paka, vidole vimeshika ukingo wa gauni la nyanya yake. Mtoto huyu hakulala bila kushika kitu.

Leo mgeni wa serikali angefika.

Habari za mgeni huyo zilianzia barazani. Chifu aliwaambia watu wa Manga kuwa kuna mpango mpya wa familia zinazofanya kazi kila siku lakini wanachopata hakiwatoshi. Familia yenye mtoto mdogo ingerudishiwa kitu kila mwezi.

"Msiseme ni sadaka," chifu alisema. "Ukinunua sabuni unalipa kodi. Ukinunua sukari unalipa kodi. Sasa sehemu ya kodi hiyo inarudi nyumbani."

Mokeira aliyapenda maneno hayo. Alishuka nayo kilima akiyageuzageuza moyoni. Sabuni alikuwa amenunua nyingi maishani mwake.

Katika nyumba yake walikuwa watu wawili wenye kazi. Mwanawe Ombui alikuwa mlinzi wa ghala huko Nakuru, na kila mwezi alituma kilichobaki. Kuna miezi ambayo hakikubaki kitu. Mke wa Ombui, Phanice, alikanda mandazi na kuosha vyombo katika hoteli moja ya Keroka. Kazi hiyo ilianza wakati gari la kwanza kutoka Manga halijawasha hata taa, kwa hiyo Phanice alilala hukohuko Keroka, katika chumba alichogawana na mwenzake. Alikuja nyumbani Ijumaa jua likishuka, kabla Sabato haijaingia, na Jumapili akaondoka.

Kama pesa hiyo ingepatikana, Phanice angeacha hoteli arudi kuchuma chai hapa kwenye mashamba ya watu. Chai ingemlipa kidogo kuliko Keroka, lakini pengo lingezibika, na usiku angelala na mtoto wake. Ni hilo tu. Mokeira hakuomba mabati mapya wala ng'ombe. Alitaka Ashley ashike gauni la mama yake.

Lakini kwanza afisa alipaswa kuja kuona nyumba. Na habari ya afisa ilipomfikia Drusilla, mke wa shemeji yake Manasseh, Drusilla alikuja mbio akiwa bado na jembe mkononi.

"Mama Ombui, huyo mgeni atakaa wapi?"

"Atakaa wanapokaa wengine."

"Kwenye kile kigoda chako kinachochechemea? Mgeni wa serikali! Kesho wataenda kusema watu wa Manga hawajui kupokea mtu."

Mokeira alicheka, lakini neno hilo lilimwingia. Tangu aolewe hakuna mgeni aliyetoka kwake akisema hakupokewa.

Kwa hiyo asubuhi hiyo, ukungu ukiwa bado umeshika migomba, Manasseh alitokea kwenye kijia na kochi kichwani, wanawe wawili nyuma yake na mengine. Alifika mlangoni, akatazama sakafu ambayo Mokeira alikuwa ameisiriba jana yake, akavua viatu kabla ya kuingia. Mokeira aliliona hilo akaliweka moyoni. Drusilla akafuata na vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe, vile ambavyo hata mchungaji huvikalia kwa woga. Kisha zulia likaja, na saa ya ukutani, na vikombe vya glasi. Nyanchera, mjane wa kule chini ambaye hakuwa na samani za kuazimisha mtu, alileta mayai kwenye jani la mgomba, akayaweka mezani.

Mwisho akaja mwalimu Okemwa na televisheni.

"Mwalimu, hapa hakuna umeme," Mokeira alisema.

"Si ya kuwasha, mama. Ni ya kuonekana."

Walipomaliza, Mokeira alisimama katikati ya sebule yake akawa hajui aweke mikono wapi. Ashley aligusa kitambaa kimoja kwa ncha ya kidole.

"Magokoro, hii ni nyumba ya nani?" aliuliza. Ndivyo watoto wa huku wanavyowaita nyanya zao.

"Ni yetu, lakini leo usipande juu ya kitu."

Mgeni alifika jua likiwa limeshatoka vizuri. Alikuwa msichana wa Nyamira mjini, jina lake Nyanchoka, viatu mkononi na matope hadi vifundoni, maana boda boda ilikuwa imemshusha chini na kumwambia kilima hiki si cha pikipiki. Mokeira alimletea maji ya moto ya kunawa miguu. Msichana alishukuru kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu jana.

Walimpa chai. Wakampa ugali wa wimbi na yule jogoo. Nyanchoka alikula vizuri, na Drusilla, aliyekuwa akiingia na kutoka na sinia, alimtazama kila tonge kwa fahari kana kwamba alimzaa yeye. Kisha mgeni akafuta mikono, akatoa simu kubwa, akaanza maswali.

Aliuliza majina. Aliuliza kazi ya Ombui na ya Phanice, na Mokeira akaeleza yote, hata habari ya Ijumaa na Jumapili. Nyanchoka alitikisa kichwa kwa huruma akiandika. Halafu akaangaza macho sebuleni.

"Haya makochi ni yenu, omong'ina?" aliuliza, kwa neno la huku la kumheshimu mama mzee.

Mokeira alifungua mdomo, lakini Drusilla alimtangulia.

"Ni yake! Huyu hakosi kitu, mwanangu. Kaa vizuri, egemea."

"Na televisheni?"

"Yake! Kila jioni anatazama habari. Ukitaka kujua dunia inaendaje, unakuja kwa Mama Ombui."

Kidole cha msichana kilibonyeza, kikabonyeza tena. Saa ya ukutani. Zulia. Kila kilipobonyeza, uso wake ulizidi kupoa. Mwishowe aliiweka simu mapajani.

"Nimefurahi kuona mmejaliwa," alisema polepole. "Lakini niwaambie ukweli ili msikae mkingoja. Hii simu inapiga hesabu. Kila kitu ninachokiandika kina uzito wake, na nyumba ikizidi kiasi fulani, inakataa yenyewe. Hata mimi nikitaka, inakataa."

Hapo Mokeira akaelewa. Alivitazama vile vitambaa vyeupe, kila uzi Drusilla aliuvuta kwa mkono wake, akaona jinsi vilivyokaa katikati ya Ashley na mama yake.

"Si yangu," alisema.

"Mama Ombui!" Drusilla akashtuka.

"Makochi si yangu, mwanangu. Wala zulia. Wala hiyo televisheni. Ni ya kuazima."

Nyanchoka alishusha pumzi. "Omong'ina, kila nyumba wananiambia hivyo. Juzi nilikuta kochi limefichwa kwenye migomba, limefunikwa majani, na kuku wameshaanza kulitagia. Kwingine ng'ombe wamepelekwa kwa jirani mpaka niondoke. Mimi naandika ninachokiona."

"Hao wameficha vya kwao," Mokeira alisema. "Sisi tumeleta vya watu."

Msichana alimtazama kama mtu anayetaka kuamini na amekatazwa. "Lakini huyu mama amesema ni vyako."

Mokeira akamgeukia Drusilla. "Mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba huna kitu? Mbele ya mgeni?" Drusilla aliivutia sinia kifuani. "Mimi siwezi kukuvua nguo, Mama Ombui. Uniombe lingine."

Mokeira hakukasirika. Angekasirika vipi? Mwanamke huyu ndiye aliyemwogesha mume wa Mokeira alipokuwa mgonjwa, hawezi kuinuka, na hakumweleza mtu hata mmoja aliyoyaona. Kufunika aibu ya mwenzake ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Mokeira alimsogelea, akaichukua ile sinia, akaiweka mezani, kisha akamshika mkono.

"Ashley alipopata homa uliamka ukaja. Alikuwa anamwita nani?"

Drusilla akainamisha kichwa. "Alikuwa anamwita mama yake."

"Basi mwambie huyu binti. Hapa hakuna aliyenivua nguo. Ni mimi mwenyewe ninaomba."

Nje, Manasseh alikuwa amesimama barazani akisikiliza bila kujificha. "Mwambie, mama watoto!" alipaza sauti. "Au unataka jioni mimi nikakalie mawe?"

Nyanchoka alicheka kabla hajajizuia. Drusilla naye alitaka kucheka, machozi yakatangulia.

"Ni yetu," alisema, akitazama ukuta. "Kochi ulilokalia ni la mume wangu, huyo anayepiga kelele nje. Televisheni ni ya mwalimu. Tulitaka ukae mahali pazuri, basi. Hakuna aliyetutuma."

"Kama ni yenu, mnaweza kuyachukua?" msichana aliuliza.

Manasseh aliingia, akafika karibu na kochi, akasimama. Akakuna kichwa. Akamtazama mkewe, na mkewe akatazama chini.

"Nitalichukuaje, binti yangu? Wewe umelikalia. Mimi nimwinue mgeni kitini? Hilo sijawahi kuliona, na sitalianza leo."

Nadhani ni hapo, kuliko kwa maneno yote, ndipo msichana alipoamini. Mtu anayetaka kudanganya angelibeba kochi mbio. Nyanchoka aliinuka mwenyewe, akakichukua kikombe chake cha chai.

"Mama," alisema, "nipeleke unapokaa siku ambayo hakuna mgeni."

Wakaenda jikoni. Palikuwa na moshi, mafiga, taa ya koroboi, na kitanda kimoja nyuma ya pazia la gunia. Mokeira alikivuta kigoda, na Nyanchoka alipokikalia kikayumba, chai ikamwagika kidogo kwenye goti lake. Akasema si kitu. Akafuta yote aliyoyaandika, akaanza upya kutoka jina la kwanza.

"Viti?"

"Unacho hicho."

"Taa?"

"Hiyo koroboi. Mafuta yakiwepo."

"Kuku?"

"Wanne. Wa tano umemla."

Msichana akacheka tena, na safari hii hakujizuia. Alitaka kujua nani hulala kitandani, na Mokeira akamwonyesha upande wa Ashley na upande wake. Mwishowe Nyanchoka akaifunga simu.

"Siwezi kukuahidi, omong'ina. Wanaoamua ni wengine. Lakini sasa nimeandika nyumba yako. Kule sebuleni nilikuwa naandika kijiji kizima."

Alipoondoka alibeba viatu mkononi kama alivyokuja, na yale mayai ya Nyanchera kwenye mfuko, maana Mokeira hakukubali aende mikono mitupu.

Makochi yakarudi yalikotoka. Drusilla hakuonekana tena siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu alikuja na kikapu cha chinsaga, ile mboga chungu wanayoipenda wote wawili, akaketi chini, akaanza kuchambua bila kusalimu.

"Umeniaibisha," alisema baadaye.

"Nimekuaibisha," Mokeira akakubali.

"Lakini sikulala. Nilikuwa nafikiria, kama yule msichana angeondoka na maneno yangu, ningekuwa nimemnyima mtoto mama yake kwa ajili ya vitambaa." Alitupa bua kando. "Vitambaa vyenyewe wajukuu wamevimwagia uji."

"Lete nikusaidie kuvifua," Mokeira alisema, na hawakulizungumza tena.

Wakangoja. Chai ilichipua, ikachumwa, ikachipua tena. Kila Ijumaa Phanice alipoingia Mokeira alimtazama usoni, na kila Ijumaa Phanice alitikisa kichwa. Mpaka siku moja akapiga simu akiwa katikati ya vyombo, akasema ujumbe umeingia. Wamekubaliwa.

Alikuja nyumbani Jumanne alasiri, godoro limefungwa nyuma ya pikipiki. Safari hii mwenye boda boda alikubali kupanda kilima, na Phanice alitembea nyuma akilishikilia lisianguke. Ashley alitoka mlangoni, akasimama, akamwangalia mama yake kwa mashaka.

"Leo ni Sabato?"

"Hapana, mwanangu. Ni Jumanne tu."

Mokeira aliteleka maji. Alisonga wimbi, akaweka mboga, akahamisha nguo zake upande wa ukutani ili godoro la Phanice lipate nafasi. Mtoto aliwafuata kila waliposogea, akagusa beseni la mama yake, akagusa godoro.

Jua lilipokuwa linashuka, Ashley alikwenda akavichukua viatu vya mama yake. Akavifuta kwa upindo wa gauni lake, kimoja kimoja, akavipanga mlangoni vikitazama nje, kama mwenyeji anayejua heshima ya kumsindikiza mtu. Phanice akaacha kukunja shuka. Mokeira, mwiko mkononi, naye akatulia.

"Mama," Ashley alisema, "ukienda, uje tena ututembelee."