Mshiriki wa Usaha

Bendeji ilipobanduka, harufu ilitangulia kutoka. Inzi wakaja mbio. Nyamvula, kibarua wa kushona magunia Kipevu, aligeuza uso pale barazani kwake Miritini kana kwamba mguu ule ni wa jirani. Msumari ulimchoma mwezi wa pili. Sasa ni wa sita, na kisigino kimefanya mdomo unaotema usaha wa kijani.

Ruth, mtafiti, alichovya pamba ndani ya kidonda. Hakukunja pua. Alitabasamu.

"Mama, bakteria wako ni wa ajabu! Wana kimeng'enya kinachokatakata dawa kabla haijawadhuru. Tukijua namna ya kukiziba, wengi watapona."

"Nami nikiwemo?"

"Labda baada ya miaka kumi."

"Hospitali wamesema homa ikirudi, mguu wanaukata. Na ile dawa moja uliyosema bado inawaua?"

"Ipo. Ila hiyo ni ya wagonjwa. Wewe hukuandikishwa mgonjwa, wewe ni mshiriki." Ruth akapunguza sauti. "Tena ukiipata sasa, watakufa kabla hatujawamaliza kuwasoma."

Neno hilo, mshiriki, ndilo lililomponza Nyamvula. Alipotia dole gumba kwenye fomu ya utafiti, aliwaza la kanisani kwao: mshiriki huketi, mkate ukipita, naye humega. Kumbe hapa mkate ni yeye.

"Haya, na huko kwenu wadudu wangu waishije?"

"Vizuri. Wana joto lao, na supu ya nyama tunawapikia wakue."

"Ya nyama!" Nyamvula akacheka hadi kidonda kikamvuta. "Wao wala nyama, mimi nala sima na chumvi. Waambie wamkumbuke mama yao."

Ruth alicheka pia, kisha akaacha. Akaandika nambari kwenye kichupa, akakifukia katika sanduku la barafu. Hapo Nyamvula akasikia baridi ikimpanda mgongoni jua likiwa utosini. Meno yakaanza kugongana.

"Imerudi," akasema. "Daktari, niteremsheni hospitali. Si ndiyo njia yenu?"

"Gari ni la sampuli, mama. Wakubwa hawataki tupakie watu. Waogopa uambukizo."

Dereva wao akafungua mlango wa gari. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, kipana, kimetandikwa kitambaa cheupe. Nyamvula, amening'inia kwenye mwimo wa mlango wa nyumba kwa mguu mmoja, akamwona dereva akiliketisha sanduku katikati, akalivutia mkanda, akalifunga, akalitikisa mara mbili usaha usije ukayumba njiani.