Vitumba Visivyofunguka

Pale kitaluni kila mtu alimwita Mkasi, na jina halikumwonea. Jani likinyauka, kata. Tawi likipinda, kata. Mama yao, yeye na dada yake, mwenye kuanzisha kitalu cha maua, ndiye aliyemfundisha kwenye mawaridi: tumba lisilofunguka linakula nguvu za wenzake, liondoe.

Mama alishafariki. Kilichobaki cha mkono wake kilikuwa chungu kimoja cha vayoleti nyeupe zenye koo la zambarau, aina aliyoihangaikia miaka na miaka, na mizizi yake ilikuwa inaoza. Kuugawa mmea ili uoteshwe upya kulishindikana. Dada yake Mkasi alibaki na tumaini moja tu: apate mbegu kabla mmea haujakata roho. Kisha akaitwa kumuuguza mkwewe siku nne, akamwachia mdogo wake kazi ya kumwagilia.

Kumwagilia tu! Mkasi huyuhuyu?

Dada aliporudi aliinama, akainua yale majani yenye umbo la moyo, akatafuta huku na huku.

"Wewe, vile vitumba vya chini viko wapi?"

"Vile vilivyonuna? Nimevipa likizo, Dada. Maua yamekwisha tangu kipindi cha baridi, vyenyewe vimejikunyata udongoni, havifunguki, havisalimii mtu. Nimeusaidia mmea upumue."

Dada akakaa juu ya ndoo.

"Mdogo wangu, maua ya wazi ya vayoleti hii yalitufurahisha macho tu. Humu ndani ya nyumba ya vioo nyuki haingii; hakuna hata ua moja lililozaa mbegu. Vile vilivyojifunga ndivyo vinavyojichavusha vyenyewe. Mbegu zote zilikuwa mle."

Mkasi alipekua lundo la mboji kwa kucha mpaka akapata vinne. Akapasua kimoja. Mbegu iliyokomaa huwa ngumu, ya kahawia. Hizi zilikuwa nyeupe, zikapondeka kidoleni na kutoa maji.

"Tuzipande hivyohivyo."

"Mbichi hizo."

"Dada, nitukane basi."

"Nikikutukana zitakomaa?"

Walizipanda kwenye trei. Wiki hiyohiyo mmea ukalala ubavu. Mkasi alipoushika, ukatoka wote mkononi, chini hauna kitu. Trei ilimwagiliwa asubuhi na jioni, miezi mitatu, na udongo ukabaki udongo.

Siku moja akamkuta dada yake anapanda vitunguu mlemle kwenye trei. Akainama, akamsogezea miche.