Kombi Iliyochemka Mlimani

Kamati ya akina mama ilikuwa ikutane Jumamosi saa nane mchana, kuamua kama Papa Muyisa atanyang'anywa ufunguo wa kombi. Mashtaka aliyaleta Mama Katungu.

Kombi hiyo ya zamani, yenye vitanda viwili na kabati dogo, iliachwa kanisani na wageni waliokuwa wakisafiri na kulala ndani yake. Akina mama wa Butembo waliitumia kupeleka wagonjwa hospitali mjini Beni. Mara tatu ilikuwa imechemka na kuzima mlimani wakati wa kurudi. Mara ya mwisho ilimbeba Elsa na mtoto wake wa siku nne, nao wakangoja muda mrefu kando ya barabara, mahali ambapo hakuna anayependa kusimama. Jumapili iliyofuata Mama Katungu alisimama kanisani akasema dereva haangalii maji, anaangalia kasiksi. Watu walicheka. Wote walijua kuwa zamani pombe ile ya ndizi ilimshinda Muyisa, na kwamba aliiacha miaka tisa iliyopita.

Muyisa aliomba jambo moja tu: kabla ya kikao atafute mahali maji yanapovujia, na Mama Katungu awepo aone.

Basi asubuhi hiyo alijaza maji, akakausha kila mpira wa maji wa injini kwa kitambaa, akanyunyiza unga wa muhogo juu yake ili uloane palipo na tundu. Kisha akawasha injini, akaiacha ipate moto.

Mama Agar alipita na kikapu chake. "Papa Muyisa, leo unapikia gari bugali?"

"Iko na njaa, Mama. Maji ilisha kunywa mingi."

Mama Katungu, aliyesimama kando akitazama, hakucheka. Mbele, unga ulikuwa mkavu kote. Muyisa akafuata mipira miwili iliyopita chini ya sakafu kuelekea nyuma, akainua godoro, akaondoa ubao wa kitanda. Mle ndani mlikuwa na kisanduku cha kupasha joto kwa maji ya moto ya injini, cha watu wa nchi za baridi.

"Hii mi sikuijuaka," alisema. Akanyunyiza unga, wakangoja.

Polepole unga ukageuka ujiuji, ukizunguka ncha ya msumari uliotoboa mpira. Gari likiwa baridi, msumari uliziba tundu lake wenyewe. Likipata moto mlimani, maji yalisukumwa nje na kumwagika barabarani, mtu asione.

Ulikuwa msumari wa mabati, wenye kofia pana. Mama Katungu aliujua. Ilibaki michache alipoezeka jiko lake, naye akapigilia kipande cha zulia ukingoni mwa kitanda hicho kwa jiwe, kwa mkono wake, ili godoro lisiteleze na mgonjwa juu yake. Hakutaka kumsumbua mtu.

Muyisa alimtazama mara moja, akaelewa, akageuza macho. "Ni musumari ya zamani," alisema. "Pengine ya bale bageni."

Uso ulimwaka Mama Katungu. "Papa Muyisa, unajua ni ya nani."

"Najua. Lakini mi nilisha kusimama pale batu banacheka. Sipende mutu mwingine asimame."

Akarudi mbele, akaunganisha mipira miwili kwa kipande cha bomba ili maji yasiende tena nyuma. Aliwasha, wakapanda hadi juu ya mlima na kurudi. Hakuna tone.

Saa nane, Mama Léa, mwenyekiti, aliuliza walichokuta. Muyisa alianza, "Ilikuwa tuyau, mupira ya maji ya nyuma…"

"Ni mimi," Mama Katungu alisema. "Nilipiga musumari mu tuyau. Ile ni kosa ya mukono tu, sikujua. Lakini kasiksi, niliisema nikijua aliiacha. Nilijua pahali itamuuma." Alishika meza. "Kesho nitasema tena kanisani, pale pale, mbele ya bale bale."



Léa akamsukumia Muyisa ufunguo. "Papa, uko na kitu ya kusema?"

"Kuko mugonjwa wa Masereka wa kupeleka Beni. Kesho, ibada ikiisha, tutatoka."

Hakusema amesamehe, na Mama Katungu hakuthubutu kuuliza. Alipofika mlangoni, Muyisa aligeuka.

"Mama, mutu wa kumushika mugonjwa njiani hayuko. Utakuja?"

"Nitakuja," alijibu, macho yake bado kwenye meza.