Lifti Inayoishia Kileleni

Baba alikufa mkesha wa Kupalizwa Bikira Maria, yaani alichagua siku mbaya kama kawaida yake. Sikukuu hiyo ya Agosti hakuna basi linalokwenda kijijini kwetu, na Zaragoza, mji ninakoishi, yote huwa imehamia baharini. Ningempigia nani simu aniazime gari? Jirani yake, Doña Presentación, ndiye aliyeniamsha kwa simu.

"Orosia, mwanangu, baba yako katutoka usiku. Padri anasema tunazika leo saa kumi na moja jioni, joto hili halina subira."

"Na nisipofika?"

"Usipofika nani atapokea mikono ya pole? Mimi?"

Kwetu, mtu akishazikwa, wafiwa hupanga mstari kwenye lango la makaburi, na kijiji kizima hupita kuwapa mkono mmoja mmoja. Baba hakuwa na mtoto mwingine wala ndugu aliyebaki. Nisipofika, watu wangepita kwenye lango tupu, na mzee angeingia udongoni kama mtu asiye na kwao. Tulikuwa hatupatani, kila mtu alijua. Lakini hilo sikuwa tayari kumfanyia.

Nikaamua kuomba lifti. Nilipokuwa mwanafunzi nilizunguka nusu ya Hispania kwa kidole gumba, na kutoka mjini ni kazi yenye akili zake. Mjinga husimama katikati ya mji, ambako kila gari linakwenda kununua mkate. Mjinga mwingine hutembea hadi barabara kuu, ambako magari yanapita kama risasi. Wewe unapanda basi la mji hadi mwisho, mtaa wa Casablanca, unavuka mfereji, unapita taa za mwisho, na mbele ya kituo cha mafuta, kabla madereva hawajaanza kukimbia, kuna ukingo mpana na msonobari mmoja. Hapo dereva anakuona mapema, anakupima, na ana pa kuegesha. Kwenye kipande cha boksi unachoinua huandiki Teruel, hata kama ndiko unakoelekea. Unaandika Cariñena, mji wa karibu, maana mtu huona aibu kumnyima mwenzake safari fupi.

Nilimkuta mwanamume mwenye ndevu amechuchumaa kivulini na shanta lake.

"Kuna foleni, dada."

"Nina mazishi."

"Kila anayekuja hapa ana mazishi." Alinitazama usoni, akaacha kucheka, akasogea. "Nisamehe. Kaa mbele. Mimi Chema, naenda kuchuma pichi, nazo zitaningoja."

Nilimshukuru. Akaendelea kunitazama, kisha akasema, "Ila likija gari dogo la kijivu, dereva mzee mwenye kofia, usipande. Hata akikusihi."

"Kwani anafanya nini?"

"Hafanyi kitu, ndiyo maana namwogopa. Anakukalisha nyuma, haongei, anakupeleka hadi kilele cha mlima Paniza, anakushusha, anageuza. Pale juu ni kona tupu, hakuna gari linaloweza kusimama. Mara ya mwisho nililala na mbuzi wa watu. Sisi wa barabarani tunamwita Marehemu."

Nikamwambia mimi si mtoto wa kutishwa. Akainua mabega.

Asubuhi ikaisha. Magari yalipita yamejaa miavuli, mipira na bibi za watu. Wake waliniangalia, wakawageukia waume zao, na waume wakakaza macho mbele. Jua lilipanda, kivuli cha msonobari kikatukimbia, nami nikazidi kutazama saa. Nilianza kumwona baba ndani ya jeneza, amenuna, akisema nilijua tu.

Gari la kijivu likaja likaegesha bila hata kusubiri niinue boksi. Mzee mwenye kofia akainama kunitazama, akanitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha uso wake ukasawijika. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa akimtafuta mtu mwingine usoni mwangu.

"Kaa nyuma," alisema.

"Dada, nimekwambia," Chema alisema chinichini.

"Nikifika kileleni nitatembea," nikamjibu, nikapanda.

Kiti cha mbele kilikuwa na sweta la njano la msichana, limekunjwa vizuri, na mkanda umefungwa juu yake. Agosti hiyo lami ilikuwa ikiyeyuka. Nilijitambulisha, akasema anaitwa Abilio, basi. Tulipita kijiji cha Muel, tukapita mizabibu ya Cariñena. Jua lilipogeuka upande wa kulia, Don Abilio aliachia usukani kwa mkono mmoja na kushusha kile kibao cha kukinga jua, cha upande ambao hakukuwa na mtu. Halafu akapandisha kioo cha upande huo kidogo, kama unavyomfanyia mtu anayelala. Nilishika kitasa cha mlango na sikukiachia hadi juu.

Kileleni, mbele ya hoteli ya barabarani iliyofungwa siku nyingi, alisimama. Hakuzima injini. "Mwisho wangu hapa."

Nilishuka nikaitazama ile kona. Chema hakunidanganya. Ukuta wa mwamba huku, bonde kule, na gari lolote lingenigonga kabla halijaniona. Kutembea kungenifikisha kijijini usiku. Nilirudi dirishani kwake.

"Mzee, baba yangu anazikwa leo. Saa zimebaki chache. Sina mtu mwingine, naye hana mwingine. Nipeleke, nakuomba."

"Siwezi kupita hapa."

"Barabara iko wazi."

"Siwezi, binti." Alisema kwa upole, na upole ule ulinikera kuliko matusi. "Binti yangu Nieves alichukua lifti pale ulipokuwa umesimama. Alinywa kahawa hapa. Mwenye hoteli alimwona akivuka barabara. Basi. Hakuna aliyemwona tena, wala hai wala maiti. Kila siku napita pale mjini, kama amerudi, mimi niwe wa kwanza kusimama. Nikiwakuta wengine nawachukua, wasije wakapanda gari la mwingine. Lakini nikipita hapa, nitakuwa nimemwacha nyuma."

Mtu mwema angemshika mkono akanyamaza. Mimi nilikuwa na hasira, nilikuwa na baba chini ya shuka, na nilikuwa nimeona kile kibao kikishushwa.

"Umwache vipi?" nilimwambia. "Si huyo hapo mbele? Tangu Zaragoza unamkinga jua. Basi twende naye."

Nilijuta neno likiwa bado mdomoni. Don Abilio aligeuza shingo taratibu, akalitazama lile sweta. Upepo ulikuwa umekata kabisa, hata nyenje walikuwa wamenyamaza, na naapa kwamba kwa muda ule nami nilingoja kuona kama litajibu. Sijawahi kuogopa hivyo mchana kweupe.

"Panda," alisema.

Aliendesha upande wa pili wa mlima polepole mno, na sikuthubutu kumhimiza. Kengele ya kanisa niliisikia tukiwa bado bondeni. Tulipofika, walikuwa wameshatoka kanisani, wanapandisha jeneza makaburini. Nilikimbia nyuma yao na viatu vyangu vya vumbi. Niliwahi kutupa udongo, na nikalia, jambo ambalo baba asingeliamini.

Doña Presentación alinivuta langoni. "Simama hapa. Mbona peke yako hivyo, maskini."

Nilisimama. Don Abilio alikuwa ametufuata hadi pale, sweta mkononi, hajui akae wapi wala aangalie nini. Akajibanza kando yangu, penye kivuli cha ukuta. Watu wakaanza kupita. Walinipa mkono mimi, halafu, kwa kuwa alikuwa amesimama palipo na wafiwa, wakampa na yeye.

"Pole sana, bwana."

"Hapana, mimi si..."

"Pole, mzee mwenzangu. Tuko pamoja."

"Mimi si wa hapa," alisema, lakini mkono wake ulikuwa tayari umeshikwa na mwingine. Nilitaka kueleza. Nilimwangalia, nikaacha. Hakuwahi kupata jeneza, wala kaburi, wala lango la kusimama. Miaka yote hiyo hakuna aliyempa pole, maana watu hawampi pole anayesema bado anangoja.

Ikafika zamu ya bibi mmoja mfupi, mke wa mwokaji mikate, anayeshika mkono wako kwa yake yote miwili.

"Pole, baba. Mungu amlaze mahali pema."

Don Abilio alimtazama. Kofia ilikuwa imemtoka.

"Alikuwa na miaka kumi na tisa," akasema.

Bibi yule alikuwa ametoka kumzika mzee wa miaka themanini, na alijua hivyo vizuri kama mimi. Hakuachia mkono.

"Aliitwa nani?" akamuuliza.

"Nieves."

"Mungu amlaze Nieves," alisema bibi, akasogea kidogo kumpisha aliyefuata, naye, aliyekuwa amesikia, akampa Don Abilio mkono na kulitaja jina.