Alichouliza Mama Tusajigwe

Mwinjilisti Jailos alikuwa na jibu la kila kitu, na jibu lenyewe lilikuwa moja: dhambi. Mvua ikichelewa, dhambi. Viazi vikioza shambani, dhambi. Mwaka 1974 surua ilipopita kijijini kwao, huko milimani juu ya mji wa Mbeya, ikachukua watoto tisa, Jailos alisimama mbele ya kanisa akawaambia wafiwa wajichunguze.

Tupokigwe, ambaye binti yake Tusajigwe alikuwa wa nne kuzikwa, alijichunguza. Alijichunguza wiki nzima akichuma pareto. Alikumbuka amewahi kumsengenya wifi yake, na amewahi kusinzia katikati ya mahubiri, ingawa kwa mahubiri ya Jailos hilo lilikuwa afadhali. Dhambi ya kutosha kumuua mtoto wa miaka mitatu hakuiona.

Aliyoyaona ni mengine. Homa ilipomshika mtoto, Jailos alikuja nyumbani akamwambia yeye na mumewe, Andendekisye, wafunge na kuomba siku tatu, wasikimbilie sindano kama watu wasio na imani. Wakafunga. Siku ya tatu mtoto akafa. Wiki mbili baadaye mtoto wa Jailos naye akawaka homa, na baba yake hakufunga hata chai ya asubuhi. Jua halijapanda alishasimamisha lori la viazi, mke na mtoto ndani, mbio hospitalini mjini. Mtoto akapona. Jumapili iliyofuata Jailos alitoa ushuhuda wa muujiza.

Tupokigwe alimngoja mlangoni baada ya ibada.

"Mwinjilisti, wangu alikufa kwa dhambi. Wako amepona kwa nini?"

"Kwa neema, Mama Tusajigwe."

"Neema hiyo ilikuwa kwenye sindano au kwenye lori?"

Jailos alimtazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi. "Hilo si swali," alisema. "Hilo ni pepo."

Basi akawa na pepo. Walikuja wanawake watano wa kwaya, wakamzunguka jikoni kwake na kulikemea kwa sauti hadi kuku wakakimbia uani. Walipochoka walikaa wakala. Pepo halikutoka, maharage yaliisha. Mwezi huo alitengwa, asiikaribie meza ya Bwana.

"Nyamaza tu, mke wangu," Andendekisye alimsihi. "Hawa ndio watakaotuzika."

"Kuzika wanajua," alisema Tupokigwe. "Hilo tumeliona."

Alikwenda kwa Mwalimu Kalinga, aliyemfundisha kusoma kwenye madarasa ya watu wazima na ambaye alisifika kwa kutokanyaga kanisani. Kalinga alifurahi mno kupata msikilizaji. Dini ni kasumba ya wakoloni, alimweleza, akaendelea kueleza mpaka chaki ikamkatikia mkononi.

"Sawa, Mwalimu. Lakini mtoto akishikwa na surua, mwilini mwake kinatokea nini?"

Kalinga alikohoa. "Hayo, dada, ni matokeo ya ubeberu." Akampa kijitabu akasome mwenyewe. Tupokigwe alikisoma neno kwa neno. Kilihusu ushirika wa wakulima wa pareto.

Aliandika pia barua kwa watu wa masomo ya Biblia kwa njia ya posta. Alitumia jioni mbili kuiandika. Je, Mungu huwaua watoto kwa makosa ya mama zao? Baada ya miezi miwili ikaja bahasha nene. Ndani mlikuwa na cheti chenye ukingo wa dhahabu: Hongera, Ndugu Tupokigwe, umefaulu somo la nne kwa alama tisini na tano. Hakuwahi hata kulianza somo la kwanza.

Siku ile alicheka peke yake, kicheko kibaya kilichomtisha mumewe. Wote hao walikuwa na majibu tele, na hakuna hata mmoja aliyesikia swali.

Ndipo akamkumbuka Kalista. Kalista alikuwa mkunga, Mhehe, Mkatoliki, aliyewahi kufanya kazi kwenye zahanati ya bondeni na kumpokea Tusajigwe alipozaliwa, kabla hajarudi kwao Iringa kufanya kazi kwenye hospitali ya misheni, Tosamaganga. Tupokigwe alimkumbuka kwa jambo moja: uchungu ulipokuwa mkali alimuuliza kama mtoto atatoka salama, na Kalista akasema, "Sijui bado, ngoja nipime."

Akapanda basi la Iringa.

"Kamwene, Mama Tusa," Kalista alimpokea kwa salamu ya Kihehe, kisha akauona uso wake. "Mtoto yuko wapi?"

Walikaa kwenye benchi nyuma ya wodi. Tupokigwe alieleza yote. "Sasa nakuuliza, dada, na kama hujui useme hujui. Ni dhambi?"

"Ni surua. Mmoja anakohoa, mwenzake anashika. Inaingia mapafuni, inamkausha mtoto maji. Njoo uone."

Alimpitisha wodini. Mtoto wa katekista alilala kitanda kimoja na mtoto wa muuza pombe, wote na vipele vilevile.

"Tungemleta siku ya kwanza, angepona?"

"Wengi wanaoletwa mapema wanapona. Wengine nimewafunika shuka mwenyewe. Wako sijui, mama. Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya."

Tupokigwe alilia, mara ya kwanza tangu mazishi. Kalista hakumnyamazisha wala hakuanza sala. Alikaa naye hadi alipoitwa kazini, kisha akarudi.

"Na Mungu?" Tupokigwe aliuliza jioni, wakimenya viazi. "Yupo?"

"Mimi nasadiki. Lakini kusadiki kwangu si dawa nikakunyweshe. Wewe uliza, hata miaka kumi. Na mtu akikupa jibu, muulize amejuaje. Mwenye kujua hatakasirika."

Alikaa kwake siku nne. Aliporudi, wazee wa kanisa walimwita atubu mbele ya watu. Alivaa kitenge chake kizuri akaenda.

"Mwanangu alikufa kwa surua," alisema, akiwa amesimama mbele ya wote. "Mwinjilisti alisema ni dhambi zangu. Mwinjilisti, ulijuaje?"

"Nilifunuliwa!"

"Na wako alipougua, ulifunuliwa lori linapita saa ngapi?"

Huko nyuma mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Jailos, shingo imemvimba, aliagiza wimbo, na kwaya ikaanza kila mmoja kwa sauti yake. Tupokigwe alitoka kichwa juu. Nje alikaa kwenye nyasi.

Haikuwa rahisi. Kisimani wanawake walimpisha kama mwenye ukoma. Andendekisye aliendelea kusali, benchi la mwisho, na hawakugombana. Barua za Kalista zilikuja kila mwezi, fupi, zikiuliza analala vipi. Juu ya Mungu Tupokigwe hakuwa amepata jibu, na hakuona sababu ya kujifanya amelipata.

Alasiri moja Roza, mmoja wa wale watano wa jikoni, aliyezika mtoto siku moja na yeye, alikuja shambani akaanza kuchuma pareto bila kuambiwa.

"Yule mkunga alisema nini hasa?" aliuliza, bila kuinua macho. "Wa kwangu wawili wamebaki."

Tupokigwe alimweleza yote, hata yale ambayo Kalista alisema hayajui. Roza alisikiliza hadi mwisho. Kisha alitukana, tusi zito la Kinyakyusa ambalo mwanakwaya hapaswi kulijua, akaendelea kuchuma huku machozi yakimtiririka.

Mwaka uliofuata surua ilirudi. Siku ileile homa ilipomshika mtoto wa Roza, wanawake hao wawili waliteremka mjini, wakipokezana kumbeba mgongoni. Walikuta foleni ndefu hospitalini. Walipanga foleni, na kabla ya saa sita mtoto alikuwa amepata kitanda.