Dawa ya Meno kwenye Simu ya Muhammad

Nianze kwa kusema kwamba simu yenyewe ndiyo iliyonichokoza. Nilikuwa uani namenya ndizi, mikono imejaa utomvu, nayo ikalia ndani. Mume wangu, Muhammad, alikuwa amekwenda Rugu mazishini, akaiacha kwenye chaji. Ni simu ya kupangusa, mpya, na anaipenda kuliko alivyonipenda mimi mwaka tuliooana. Angekuwa mtu mwingine ningeiacha ilie mpaka ichoke. Lakini alikuwa Shadya, binti yetu aliyeko Mwanza, aliyejifungua mtoto wa kike siku tatu zilizopita. Nikapokea.

"Mama, baada ya alasiri nitapiga simu ya video mumwone," akasema. "Baba ajiandae kutuambia amefanana na nani."

Katika ukoo wa Muhammad jina la mtoto wa kwanza halichaguliwi, linatazamwa usoni. Babu humwangalia, hutamka amefanana na nani, na siku ya saba mtoto hupewa jina la mtu huyo. Picha hawatumi kabla ya hapo, eti picha ya kichanga hutembea mno. Mimi nilitaka mtoto aitwe Kemirembe, jina la mama yangu, Mnyambo wa Nyabiyonza, aliyenilea peke yake na hakuacha kitu duniani isipokuwa mimi. Muhammad naye alikuwa na lake: Nusra, shangazi yake wa Tanga, Mungu amrehemu, ambaye tangu harusi yangu hadi kufa kwake hakuwahi kula chakula changu bila kuuliza kama nimekionja kwanza.

Nilipokata simu nikaona utomvu umeganda kwenye kioo, unaanza kuwa mweusi. Mwenye akili angeutoa kwa mafuta ya kula, kama tunavyofanya mikononi. Mimi akili yangu ilikuwa Mwanza. Nikachota majivu, nikachukua jani kavu la mgomba, nikaisugua simu kama sufuria. Utomvu ulitoka wote. Ikabaki mikwaruzo, myembamba na mingi, kana kwamba kuku wamepekua pale.

Nilivuka barabara mbio hadi kwa Ambrose, fundi simu wa hapa kwetu Nyaishozi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, lakini tazama hii kwanza!"

Akaigeuzageuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya kioo. "Si mibaya. Ukucha haunasi. Chukua dawa ya meno, ile nyeupe, kiasi cha punje ya harage. Kitambaa laini, chenye unyevu kidogo tu. Zungusha polepole, usikandamize, halafu futa. Ukizidisha, kioo kitaingia ukungu."

Nyumbani nikamkuta Speciose, jirani yangu mkulima, ameniletea mkungu wa ndizi. Nilipomweleza masaibu yangu akaninyang'anya simu.

"Punje ya harage? Huyo Ambrose hajawahi kusugua kitu maishani mwake!" Akakamua nusu ya dawa. "Mama Shadya, kitu ukikisugua polepole umekipapasa tu."

Nilimkanya mara tatu. Yeye ni mwimbaji wa kwaya kanisani, na alisugua huku akiimba, ubeti baada ya ubeti, mpaka povu likamfika kwenye kiwiko. Alipofuta, kweli mikwaruzo ilikuwa imekwisha. Ila kioo kizima kilikuwa na weupe wa maziwa, isipokuwa pembe moja ya juu alipokuwa ameishikilia kwa dole gumba.

"Si unaona?" akasema kwa fahari. "Hakuna hata mkwaruzo mmoja."

Nilitamani kumtwisha mkungu wake na kumfukuza.

Muhammad alirudi kutoka Rugu kupitia msikitini, na kanzu yake nyeupe, akaketi, na nilipomwambia tu kwamba Shadya atapiga, simu ikalia papo hapo. Lazima mjue kwamba mume wangu ana miaka sitini na mitatu na hajawahi kuvaa miwani. Hutunga uzi kwenye sindano mbele ya wageni, bila kuombwa. Sasa akaisogeza simu karibu. Akaipeleka mbali. Akaisogeza tena.

"Mnamwona?" Shadya akauliza.

"Tunamwona, mashallah," akajibu, kwa sauti ya mtu asiyeona kitu.

"Amefanana na nani, Baba?"

Akanigeukia, akaninong'oneza. "Mama Shadya, wewe unaonaje?"

Wakati huohuo Shadya akampakata mtoto upande wa pili, na uso ukaja kwenye ile pembe safi. Nikamwona mjukuu wangu. Paji pana, mdomo umebetuliwa, jicho moja limekazwa kama anauliza nani kapika. Shangazi Nusra mtupu.

"Mama yangu," nikasema. "Kemirembe mwenyewe."

"Basi ni Kemirembe," Muhammad akatamka, na huko Mwanza vigelegele vikapigwa. Nilikuwa nimeshinda. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Simu ilipokatika, Muhammad akaiweka mapajani, akajifuta macho kwa upindo wa kanzu. Alikuwa analia.

"Macho yangu yamekwisha, mke wangu. Sikumwona. Nimeona ukungu tu. Mjukuu wangu wa kwanza, nami nimekuwa kipofu."

Nilijikaza kunyamaza. Nilihesabu hadi ishirini. Lakini nilimwonea huruma, na mama yangu hakuwa mtu wa jina lake kurithiwa kwa machozi ya mwenzake.

"Macho yako mazima," nikasema. "Ni simu. Mimi nimeisugua kwa majivu, Speciose akaimalizia kwa dawa ya meno. Na mtoto hakufanana na mama yangu. Amefanana na shangazi yako."

Akainua simu, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, akainusa. Nikasubiri makelele.

"Nusra kabisa?" akauliza.

"Kabisa."

"Na ule mdomo?"

"Na mdomo."

"Na lile jicho?"

"Na lile jicho, Baba Shadya."

Akatikisa kichwa.

"Maskini mtoto," akasema mwishowe. "Sura amekwisha kuipata. Tusimwongezee na jina."