Nubia wa Kukodi

Mdogo wangu Nubia aliporudi nyumbani kwetu Barranquilla, mama alimkaribisha vizuri, akamwuliza yeye ni mtoto wa nani.

Kuna wakati hukuweza kuingia duka lolote nchini bila kusikia sauti ya Nubia ikiimba. Kisha koo likaharibika, wakampasua, akabaki na sauti ya kukwaruza, na waliokuwa wakimwita malkia wakaacha kupokea simu zake. Hayo aliyavumilia. Lililomkosesha usingizi ni kwamba baba alizikwa yeye akiwa jukwaani Mexico, na mama akaapa hatasema naye tena. Sasa alikuja kuomba msamaha, na wa kumsamehe hamjui!

"Mwimbie," nilimwambia. "Sura yako imemtoka akilini, wimbo hauwezi kumtoka."

Akaimba. Mama akaziba masikio. "We binti, hebu nyamaza! Unauharibu wimbo wa mwanangu."

Nubia alijifungia bafuni akalia. Nilimwonea huruma, na hasira pia nilikuwa nayo, maana miaka yote hiyo anayemwogesha mama ni mimi.

Sikukuu ya akina mama ikakaribia, na kwetu siku hiyo mama lazima aimbiwe mlangoni. Nubia mwenyewe ndiye aliyesema tumkodi Yurleidis. Waigaji wa waimbaji wamejaa mji huu, wanakula kwa majina ya wenzao, na Yurleidis anamwiga Nubia mpaka anavyovuta pumzi.

"Una wazimu?" nikamwuliza. "Umlipe mtu awe wewe?"

"Nataka nimwone mama akinifurahia. Hata kama nimesimama pembeni."

Yurleidis akaja na nywele za bandia za dhahabu, gauni la kumetameta na wapiga gitaa wawili. Alipomwona Nubia akasita mlangoni. "Jamani, bibie, naona haya. Niimbe mbele yako?"

"Imba, mwanangu. Sauti unayo wewe," Nubia akamwambia.

Ubeti wa kwanza haukuisha, mama akainuka kitini mwenyewe, yeye ambaye kila siku tunamwinua. Akamshika Yurleidis mashavu kwa mikono miwili.

"Nubia wangu! Umechelewa wee! Sikiliza. Yale ya baba yako nilishakusamehe zamani. Nilikuwa nangoja uje nikwambie."

Yurleidis alitugeukia, wanja unamchuruzika. Maneno yale hayakuwa yake. Nilitaka kumvua zile nywele pale pale, lakini mama alikuwa anacheka, na sikumbuki lini nilimwona akicheka.

Nubia akasogea. "Mama," akasema kwa sauti yake ile mbovu. "Mama, ni mimi."

Mama alimtazama kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Nawe unasimama tu? Mwanangu katoka mbali, hajatia kitu mdomoni. Nenda kampashie mkate wa arepa."

Nubia akaenda jikoni, akawasha jiko.